Mcheza Kwao Hutunzwa

Wazee wetu walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Methali hii twaikariri darasani kila mwaka na kuiandikia insha. Lakini je, twaitenda?

Tarehe 2 Machi 2014 Lupita Nyong'o alitunukiwa tuzo ya Oscar huko Marekani, kwa kuigiza Patsey, mtumwa wa shamba la pamba, katika filamu ya 12 Years a Slave. Kenya nzima ilishangilia, na kila kinywa kikamwita binti yetu. Miaka michache baadaye, nilipokuwa nikifundisha karibu na Kitale, mzazi mmoja alikuja kumtoa mwanawe katika mchezo wa shule. Akaniambia, "Mwalimu, sikumleta binti yangu hapa kujifunza uhuni." Msichana yule alikuwa hodari kuliko wenzake wote. Nami, kwa kumstahi mzazi, nikanyamaza. Leo nasema niliyopaswa kusema siku ile.

Kwanza, uigizaji si uhuni. Ni kazi, tena kazi ya jasho. Lupita alicheza nafasi ya Juliet wa Shakespeare jukwaani Nairobi, katika kundi la Phoenix Players, akiwa na umri wa miaka 14. Filamu ya The Constant Gardener, iliyopigwa Kenya na kutolewa mwaka 2005, haikumpa sifa ya nyota: alikuwa mtumishi wa nyuma ya kamera, wa kutumwa huku na huku. Mwaka 2009 alionekana katika mchezo wa televisheni wa Shuga, uliowaonya vijana juu ya Ukimwi. Na mwaka huo huo akatoa filamu yake mwenyewe, In My Genes, juu ya maisha ya watu wenye ualbino nchini mwetu. Kisha akasomea uigizaji katika Chuo Kikuu cha Yale, akahitimu mwaka 2012. Tangu Juliet hadi Oscar ilipita miaka isiyopungua 16. Mhuni gani huvumilia hivyo?

Pili, husemwa kuwa mchezo huiba wakati wa masomo. Lakini mwigizaji husoma, hukariri, husikiliza na kuutafakari moyo wa mtu mwingine. Kama hayo si masomo, masomo ni nini? Hata mtaala mpya umeweka katika shule za sekondari ya juu mkondo wa sanaa na michezo, sawa na mikondo mingine.

Atasema mtu, "Lupita ni binti wa Profesa Anyang' Nyong'o, msomi na mwanasiasa. Mtoto wa mkulima wa mahindi wa Kitale, au wa miwa wa Bungoma, atampata nani wa kumfikisha Yale?" Sikatai, ni kweli. Lakini hoja hiyo yamgeukia aliyeitoa. Ikiwa kipaji cha mwenye nacho kilihitaji kushikwa mkono, cha asiye nacho chahitaji zaidi. Kwake yeye jukwaa la shule si anasa. Aghalabu ndilo jukwaa pekee atakalolipata. Mashindano ya tamthilia ya shule humtoa msichana wa Bungoma kwa njia ya Magharibi, na wa Kitale kwa njia ya Bonde la Ufa, hata wakakutana katika mashindano ya taifa. Anayemzuia mlangoni amemzuia safari nzima.

Basi wewe msichana mwenye kipaji, usikionee haya. Kitumikie kwa bidii, wala usiache vitabu vyako. Nawe kijana unayemcheka mwenzako akijifunza maneno yake, kumbuka kuwa kicheko chako chaweza kumvunja moyo. Na siku utakapokuwa mzazi au mwalimu, usinyamaze kama nilivyonyamaza mimi. Tukingoja kila mara wageni wamtunze mchezaji wetu kwanza, afadhali tuifute methali ile katika vitabu vyetu.