Adhabu Haizai Adabu

Neno "adhabu" na neno "adabu" hutenganishwa na sauti moja tu. Kila mwaka huwaandikia wanafunzi wangu wa isimu jozi hii ubaoni, ili waone jinsi sauti ndogo inavyoweza kugeuza maana nzima. Maneno yote mawili yametoka katika Kiarabu: la kwanza asili yake ni mateso, la pili ni mwenendo mwema. Lakini nje ya darasa tumeyachanganya. Twadhani kwamba tukizidisha la kwanza, tutavuna la pili.

Nina jirani huku Njoro, mama auzaye mboga sokoni mjini Nakuru. Miaka michache iliyopita mwanawe alikamatwa pamoja na wenzake kwa kuvunja duka. Alikuwa na umri wa miaka 16, mwanafunzi wa kidato cha pili. Baada ya kukaa mahabusu alipelekwa borstali kwa miaka mitatu. Jioni aliporudi, nilikuwa miongoni mwa majirani waliokwenda kumpokea. Mamake alimwita aje ale. Kijana akasimama wima, mikono nyuma, akaitika: "Ndiyo, afande."

Mama aligeuka akaingia jikoni, asitoke kwa muda mrefu.

Mimi ni mtu wa lugha, na neno lile moja lilinieleza mengi. Miaka mitatu ilimfundisha kijana kutii amri. Haikumfundisha kuishi na watu. Nyumbani kwao aliomba ruhusa hata ya kwenda msalani. Shule mbili alizoomba nafasi zilimkataa. Wenzake walikwisha kumaliza kidato cha nne, naye akaishia kubeba mizigo sokoni. Duka lile lilikwisha kutengenezwa kitambo.

Si kwamba sheria zetu hazina huruma. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, yasema mtoto asizuiliwe ila kama hatua ya mwisho, tena kwa muda mfupi kabisa ufaao, na mbali na watu wazima. Sheria ya Watoto ya 2022 iliupandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12, wala haikubali mtoto ahukumiwe kifungo cha gerezani. Hata hivyo, borstali ziko chini ya Idara ya Magereza. Ndiyo sababu mlezi wa humo huitwa afande. Wavulana hupelekwa Shikusa, Kakamega, au Shimo la Tewa, Mombasa. Wasichana hupelekwa Kamae, Nairobi. Mzazi wa Nakuru ambaye mwanawe yuko Shimo la Tewa husafiri zaidi ya kilomita 600 kwenda kumwona. Muuza mboga atakwenda mara ngapi kwa mwaka? Kijana aliyetimiza miaka 18 hana hata kinga hiyo ya utoto. Akikosa pesa za dhamana, huisubiri kesi yake mahabusu pamoja na wahalifu waliokubuhu.

Najua nitajibiwa kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Najua pia kwamba mwalimu aliyeona bweni la shule yake likiteketea ana haki ya kukasirika. Huko Kyanguli, Machakos, mwaka 2001, moto uliotiwa bwenini usiku uliwaua wavulana 67. Sisemi makosa yasahauliwe. Nasema methali ile yamhusu mzazi aliye karibu na mwana, anayemwonya jioni na kumpakulia chakula usiku huo huo. Mwana aliyepelekwa mbali na mamaye kwa miaka mitatu, ni nani atakayemfunza?

Njia nyingine ipo, na sheria hiyo hiyo ya 2022 imeifungua. Mtoto aweza kukiri kosa lake, akaomba radhi na kulipa hasara aliyotia, huku akiangaliwa na mzazi na afisa wa watoto, bila kufikishwa kizimbani. Njia hiyo huhitaji subira, nayo haifai bila sisi walimu. Tusiwe wepesi wa kumwita askari kwa kosa ambalo sisi wenyewe tungeweza kulirekebisha, wala tusimfungie mlango anayerudi. Nanyi wanafunzi, mwenzenu akirejea, muiteni kwa jina lake, si kwa kosa lake.

Ilichukua karibu mwaka mzima kijana yule kuanza tena kuitika, "Naam, mama." Hakuna askari aliyemfundisha hayo. Ni mamaye aliyemfundisha upya, kwa kumwita kila jioni aje ale.