Mbao nyembamba na mlango wa kufuli: Ni nini kinachoua mabwenini?

USIKU wa Septemba 5, 2024, moto uliteketeza bweni la shule ya Hillside Endarasha Academy, Nyeri, nchini Kenya, na kuua wavulana 21. Zaidi ya 150 walikuwa wamelala humo. Jengo hilo lilikuwa la mbao kwa sehemu kubwa, hivyo ni rahisi kuhitimisha kwamba mbao ndizo zilizoua.

Hitimisho hilo ni nusu ya ukweli. Boriti nene inapoungua, uso wake hugeuka mkaa, na mkaa huo huukinga moyo wa mti dhidi ya joto. Wahandisi hukadiria kuwa mbao laini huliwa na moto takribani milimita 0.7 kwa dakika. Kwa nusu saa, nguzo nene hupoteza sentimita mbili hivi kila upande na bado husimama. Ubao wa inchi moja, ukishambuliwa pande zote, haubaki. Na kabla ya hapo, moshi na ndimi za moto zimekwishapenya kwenye nyufa zake. Ndiyo maana mwaka 2021 ulitangazwa mpango wa mnara wa ghorofa 28 huko Fumba, Zanzibar, wa mbao nene zilizounganishwa kwa gundi pamoja na zege, na waliobuni mpango huo hawakuwa wendawazimu.

Wairaqw wa Mbulu walikuwa na njia yao. Tembe lina nguzo na fito, lakini paa lake hufunikwa udongo, ambao hauungui. Nyumba ya bati huacha kenchi wazi.

Hata hivyo, mzazi wa Gehandu anayempeleka mtoto bweni asiishie kutazama kuta. Atazame mlango. Kyanguli, Machakos, ambako wavulana 67 walikufa Machi 2001, mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yalikuwa na nondo. Nasi tunayo makaburi yetu: Shauritanga, Rombo, mwaka 1994, wasichana wapatao 40, Idodi, Iringa, mwaka 2009, wanafunzi 12.

Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 inatoa mamlaka ya kukagua majengo. Kupiga marufuku mabweni ya mbao kungezirudisha shule maskini kwenye vyumba vya kupanga mitaani, ambavyo havikaguliwi na yeyote. Kung'oa nondo za dirisha, kwa upande mwingine, ni kazi ya asubuhi moja ya fundi.