Bukavu: Gari linalojizima njiani, mnunuzi aambiwe kabla ya kulipa

Kwenye garaji za Bagira kumeingia lalamiko jipya. Shofere analeta gari la okazyo lililotoka Japani, halijamaliza hata miezi sita mkononi mwake, anamwambia fundi kwamba moteri inazimika kila anapokanyaga freni na kusimama. Akiachia freni, inawaka tena. Anafikiri ni pompu ya esansi, ama ni buji, ama aliuziwa gari bovu. Fundi naye mara nyingine anaanza kubadilisha kipande kimoja baada ya kingine, pesa inatoka, na ugonjwa haupotei. Haupotei kwa sababu si ugonjwa. Gari lilitengenezwa hivyo.

Ni mfumo wa kujizima na kujiwasha, ambao mashofere wanaouelewa wanauita kwa kifupi stopu-stati. Gari likisimama, kompyuta yake inazima moteri ili isile esansi bure. Mguu ukitoka kwenye freni, demareri inaiwasha tena, na kama kila kitu ni kizima kazi hiyo haichukui hata sekunde moja. Mfumo huo uko kwenye baadhi ya Toyota Vitz zilizoanza kutoka mwisho wa 2010, Mazda Demio za 2011, Nissan X-Trail za mwisho wa 2013 na Toyota Noah za 2014. Magari ya miaka hiyo sasa yamezeeka kule yalikotoka na bei yake imeshuka hadi mtu wa Bukavu anaweza kuigusa. Ndiyo maana tatizo linatufikia leo.

Maoni yetu ni haya: mashofere wana haki ya kulalamika, lakini dawa ambayo wengi wanaitumia ni mbaya kuliko ugonjwa. Na mwenye kosa la kwanza ni yule anayeuza gari bila kumwambia mnunuzi ni gari la namna gani.

Tuanze na kwa nini kitu hiki kilitengenezwa. Wazo si jipya. Toyota ilijaribu mfumo wa namna hiyo kwenye gari la Crown katika miaka ya 1970, wakati bei ya mafuta ilipopanda duniani. Volkswagen na Fiat walifuata katika miaka ya 1980. Wakati ule wanunuzi hawakuupenda, na ukasahaulika. Uliporudi kwa nguvu baada ya 2005, sababu kubwa haikuwa maombi ya mashofere. Serikali za Ulaya na Japani zilikuwa zimeanza kuwabana watengenezaji juu ya moshi na matumizi ya mafuta, na kila gari lilipaswa kupita mtihani kabla ya kuuzwa.

Mtihani huo ndio unaoeleza mambo mengi. Ule wa zamani wa Ulaya, uliojulikana kama NEDC, ulichukua sekunde 1,180, na karibu robo ya muda huo gari lilikuwa limesimama. Ule wa Japani, JC08, sehemu ya kusimama ilikaribia asilimia 30. Gari linalozima moteri kila likisimama lilipata alama nzuri sana kwenye mtihani kama huo. Ulaya ilipoanza kutumia mtihani mpya wa WLTP mwaka 2017, sehemu ya kusimama ilishuka hadi karibu asilimia 13, na faida ya mfumo kwenye karatasi ikapungua pia. Toyota yenyewe, ilipotoa Yaris mpya huko Japani mwaka 2020, haikuweka tena mfumo huo kwenye zile zenye moteri ya kawaida ya esansi.

Tena si Bagira peke yake kunakolalamikiwa. Mwezi wa Mei 2025, Lee Zeldin, mkuu wa idara ya serikali ya Marekani inayosimamia mazingira, alitangaza kwamba atabadilisha kanuni zilizowapa watengenezaji alama za ziada kwa kuweka mfumo huu, akisema kwamba kila mtu anauchukia. Mtu anaweza kupinga siasa yake, na wengi wanaipinga. Lakini kama shofere wa Marekani, mwenye barabara nzuri na batri mpya, anachoka na kitu hiki, shofere wa Bagira asionekane mjinga akichoka nacho.

Sasa tuangalie kwetu. Mfumo huu ulifikiriwa kwa mji wenye taa za barabarani, ambapo gari linasimama dakika nzima, kisha linaondoka na kutembea. Kwenye Major Vangu ama Nyawera saa za jioni, tunaongozwa na mkono wa polisi wa barabara na kwa macho ya kila mmoja. Unasogea mita tatu, unasimama. Unasogea mita mbili, unasimama. Kila mara moteri inazimika na kuwaka, na faida haipo kwa sababu moteri haikupata hata sekunde kumi za kupumzika. Ukichelewa kidogo kuondoka, motari amekwisha kuingia mbele yako, na wa nyuma wanapiga klaksoni.

Kisha kuna mlima. Kutoka mjini kupanda Bagira, shofere anaweza kusimama kwenye mteremko mara nyingi, na nyuma yake kuna pikipiki iliyobeba watu wawili ama mama aliyebeba mzigo mgongoni. Kwenye gari zima, freni hushikiliwa kwa muda mfupi ili moteri iwake kabla gari halijarudi nyuma. Magari mengi pia yanakataa kuzima moteri kama mteremko ni mkali. Lakini hayo yote yanategemea batri yenye nguvu, demareri nzima na sensa ambazo hazijaguswa. Kwenye gari la miaka kumi na zaidi ambalo limepita mikono mitatu, hatuwezi kuweka maisha ya watu juu ya matumaini hayo.

Jambo la tatu ndilo linalokula pesa nyingi zaidi: batri. Gari lenye mfumo huu halitumii batri ya kawaida. Linahitaji batri iliyotengenezwa kwa kuwasha moteri mara nyingi kwa siku na kujaa haraka. Zile za Japani zina alama zake: M-42, N-55, Q-85 ama S-95. Batri ya kawaida ina alama za namna nyingine, kwa mfano 46B24 ama 55D23. Batri ya stopu-stati mara nyingi bei yake ni mara mbili ya ile ya kawaida. Basi patroni anaona bei, ananunua ya kawaida, na mfumo unaendelea kuifanyisha kazi isiyoiweza. Baada ya miezi michache imekufa. Zaidi ya hapo, kwenye magari mengi kompyuta inapaswa kujulishwa kwamba batri imebadilishwa, na fundi asiye na mashine ya kusoma kompyuta hawezi kufanya hivyo.

Tufanye hesabu ya wazi. Moteri ndogo ya lita 1.3 ama 1.5 ikiwaka bila kutembea, hula kati ya nusu lita na lita moja ya esansi kwa saa. Tuchukue lita 0.7. Taksi inayosimama kwenye msongamano dakika 40 kwa siku itakula karibu lita 12 kwa mwezi wa siku 26 za kazi, huku imesimama tu. Mfumo hauzimi moteri kila mara: moteri ikiwa baridi unakataa, batri ikiwa chini unakataa. Tuseme unaokoa nusu. Hizo ni lita 6 kwa mwezi, lita 72 kwa mwaka. Kwa mwenye taksi ambaye batri yake ni nzuri, faida ipo. Lakini mtu anayetumia gari lake kwenda kazini na kurudi Bagira, anayesimama dakika 10 tu kwa siku, ataokoa karibu lita 18 kwa mwaka mzima. Aweke bei ya lita ya kituo chake cha esansi, kisha alinganishe na pesa anayoongeza kwenye batri. Wengi wataona wanapata hasara.

Hesabu hiyo si mchezo. Tangu Februari 2025, AFC/M23 walipoingia Bukavu na mabenki yakafunga milango, kupata pesa mkononi kumekuwa kazi. Familia iliyouza shamba ama kukusanya akiba ya miaka ili kununua gari la taksi haina pesa ya pili ya kurekebisha kosa. Gari likilala siku tatu garajini kwa ajili ya ugonjwa ambao si ugonjwa, ni siku tatu ambazo patroni hapati pesa yake ya jioni na shofere harudi nyumbani na kitu.

Hapo ndipo dawa mbaya zinapoanza. Kuna wanaokata waya bila kujua inakwenda wapi, ili mfumo unyamaze. Sensa inayosoma freni haifanyi kazi kwa stopu-stati peke yake, mifumo mingine ya gari inaihitaji pia. Ukiiharibu, umegusa freni za gari linaloshuka mlima wa Bagira. Kuna wengine ambao, kwa kuchukia kompyuta, wanarudia tabia ya zamani: kufunga kontakti juu ya mlima na kuachia gari lishuke bila moteri ili kuokoa esansi. Tabia hiyo imeua watu kwenye milima mingi ya nchi hii. Moteri ikizimwa, nguvu inayosaidia freni inaisha baada ya kukanyaga mara chache, na volanti inakuwa nzito. Stopu-stati inazima moteri gari likiwa limesimama ama karibu kusimama. Kuzima gari linaloteremka ni kitu kingine kabisa, na polisi wa barabara wasikifumbie macho.

Tunajua kuna watakaotujibu kwamba mfumo huu unapunguza moshi, na kwamba mtoto anayeuza karanga kando ya Major Vangu anavuta moshi wa kila gari lililosimama. Wana haki. Sisi hatusemi moteri ziwake ovyo. Kamyo inayopakia mchanga nusu saa huku moteri inanguruma, ama basi dogo linalongojea wateja huku linawaka, hayo ni mambo ya kukemea. Ukijua utasimama zaidi ya dakika moja, mahali pa sawa na salama, zima. Lakini uamuzi huo uwe wa shofere anayeona barabara, mlima na mtu aliye nyuma yake.

Basi ifanyike nini?

Kwa shofere: tafuta kitufe chenye herufi A iliyozungukwa na mshale, mara nyingi kimeandikwa OFF pembeni. Kikibonyezwa, mfumo unalala bila kukata waya yoyote. Ubaya wake ni kwamba kwenye magari mengi mfumo unaamka tena kila ukiwasha gari upya, hivyo ifanye kuwa desturi, kama kufunga mkanda, hasa kabla ya kupanda mlima. Katika magari kadhaa ya otomatiki, kukanyaga freni polepole kunaacha moteri iwake, na kukanyaga kwa nguvu kunaizima. Jaribu mahali pa sawa ulijue gari lako. Kama umeweka batri ya kawaida, bonyeza kitufe hicho kila siku bila kusahau.

Kwa muuzaji: kitabu cha gari kimeandikwa Kijapani, na mnunuzi hawezi kukisoma. Wewe unajua unachouza. Fungua boneti, mwonyeshe alama ya batri, mwonyeshe kitufe, mwambie bei ya batri inayofaa. Inachukua dakika tano. Kunyamaza ili gari liuzike haraka ni kumdanganya mteja.

Kwa mafundi na wanaowafundisha: ACCO, shirika la mashofere, na INPP, inayofundisha ufundi, wanaweza kupanga siku chache za mafunzo juu ya batri hizi na kusoma kompyuta za magari haya. Haihitaji mradi wa wazungu. Inahitaji mashine moja ya kusoma kompyuta, magari mawili ya mfano, na mwalimu anayejua kazi.

Kwa wanaopima magari na kutoa karatasi za barabarani: karatasi isiishie kwenye kodi na plaki. Demareri ijaribiwe, batri ipimwe, freni zijaribiwe kwenye mteremko. Shofere amelipa, apate angalau habari ya kweli juu ya gari lake.

Na wewe, ndugu msomaji, unayepanga kununua gari mwezi huu, kabla ya kutoa hata dola moja, washa gari, litembeze mita hamsini, kanyaga freni kwa nguvu na usimame. Moteri ikizimika, mwulize muuzaji ni kwa nini. Kama hana jibu, peleka pesa yako kwa muuzaji mwingine.