Haki Katika Bei ya Cherehani Kuukuu

Yako maneno matatu ambayo kila mtu nchini mwetu ameyasikia sokoni tangu utoto wake: bei ni mapatano. Husemwa kwa tabasamu, na msemaji akisha kuyatamka huona kuwa amemaliza hoja. Mimi nayapinga, nami nakutaka wewe msomaji uyapinge pamoja nami. Kupatana kwa muuzaji na mnunuzi ni dalili kuwa biashara imekwisha. Si dalili kuwa haki imetendeka. Watu wawili waweza kupatana kwa sababu mmoja ana njaa. Waweza kupatana kwa sababu mmoja hajui. Waweza hata kupatana kwa kuwa wote wawili hawajui, na hilo nalo nitalitolea ushahidi.

Sisemi habari za dukani, ambako bei huandikwa, risiti hutolewa, na kitu kibovu huweza kurudishwa. Nasema habari za mtu binafsi auzaye kitu chake kilichotumika, nyumbani kwake, kwa mtu ambaye pengine hatamwona tena. Nimechagua cherehani kwa kuwa ni kitu ambacho kijana amalizaye shule, mwenye fedha kidogo na nia ya kujitegemea, huenda akakinunua kuukuu mapema kuliko kingine chochote. Baiskeli ikimdanganya mtu, atakwenda kwa miguu. Cherehani ikimdanganya fundi mchanga, amepoteza kazi kabla hajaianza.

Tazama kwanza sheria yetu isemavyo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, ambayo ilianza kutumika Kenya mwaka wa 1931, hueleza kuwa kama bei haikuwekwa katika mapatano, mnunuzi atalipa bei ya kiasi, na kwamba bei ya kiasi ni jambo la kuthibitishwa kwa kuangalia hali ya kila shauri. Maana yake ni nini? Ni kwamba iko bei iwezayo kutafutwa na kuonekana hata pale ambapo watu hawakupatana. Basi wale wasemao kuwa hakuna bei ya haki ila ile iliyokubaliwa wanasema neno ambalo hata sheria hailijui. Lakini sheria hiyo hiyo ina upande wake mkali. Sharti la kwamba kitu kiwe na ubora wa kufaa humbana yule ambaye kazi yake ni kuuza vitu vya namna hiyo. Mwenye nyumba auzaye cherehani yake moja halimbani. Ukifika kwako ukaona imevunjika, huna pa kwenda. Macho yako na mikono yako ndiyo mkataba wako.

Sasa ushahidi niliouahidi. Mwaka wa 2009, katika nchi ya Saudia, uvumi ulienea kwamba cherehani kuukuu za Singer zina zebaki nyekundu ndani yake, kitu cha thamani kubwa mno. Zebaki hiyo haikuwamo, wala hakuna mtu aliyewahi kuithibitisha popote. Lakini watu walianza kuzitafuta cherehani za bibi zao. Walizisogezea simu ya mkononi karibu na sindano, na simu ikikatika wakasema, naam, imo! Cherehani ambazo juma lililopita zilikuwa za kutupwa ziliuzwa kwa maelfu ya riyali, hata makumi ya maelfu, na ilisimuliwa kuwa maduka ya mafundi yalivunjwa ili zichukuliwe. Katika biashara hizo zote, muuzaji alikubali na mnunuzi alikubali. Mapatano yalikuwapo, tena ya furaha. Je, ile ilikuwa bei ya cherehani? Ilikuwa bei ya uvumi. Na uvumi ulipokwisha, waliobaki na cherehani walibaki na chuma kile kile, na meno yale yale, na mshono ule ule.

Usiwacheke sana watu hao. Hapa kwetu nako uko uvumi wetu mdogo mdogo. Muuzaji atakuambia, "Hii ni ya zamani, ya Mwingereza, haipatikani tena," naye huamini asemalo. Umri peke yake hauleti uadimu. Kiwanda cha Singer kilichokuwa Clydebank, Uskoti, ambacho kilifungwa mwaka wa 1980, kilitoa cherehani kwa mamilioni, na nyingi zingali zinashona. Itazame namba iliyopigwa katika chuma upande wa kulia, chini ya nguzo. Ikiwa inaanza kwa herufi mbili, na ya kwanza ni E, basi ilitoka katika kiwanda hicho, tena si kabla ya miaka ya 1930. Mtu akikuambia kuwa cherehani yenye namba hiyo ililetwa na babu yake wakati reli ilipokuwa ikijengwa, mheshimu babu, lakini usiilipie reli.

Yuko pia mdanganyifu wa upande wa pili, naye ni mnunuzi asemaye kuwa kitu kuukuu ni takataka, na kwa hiyo chochote atakachotoa ni hisani. Huyo naye ana jibu lake katika historia. Katika miaka ya 1850, Edward Clark, mshirika wa Isaac Singer, alianza kuzipokea cherehani kuukuu na kumpunguzia mwenyewe bei ya mpya. Na zile kuukuu zilizopokewa zilivunjwa zisije zikauzwa tena. Mfanya biashara hapotezi nguvu zake kuvunja takataka. Alizivunja kwa sababu alijua kuwa cherehani kuukuu iliyo nzima ni mshindani wa kweli wa cherehani mpya.

Hapo ndipo ninapogombana na methali moja ambayo kwa kawaida naipenda: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa samaki na maembe ni kweli. Kwa cherehani si kweli. Nzima hukaa kimya pembeni mwa chumba, imefunikwa kitambaa, ina vumbi na maua yake ya dhahabu yamefutika kwa miaka thelathini ya mkono uliokuwa ukifanya kazi. Mbovu imepakwa rangi jana. Basi asiyejua kuchungua atailipia rangi.

Jifunze kuchungua. Nenda na sindano mpya mfukoni, uzi wa rangi mbili, na vipande viwili vya kitambaa, chepesi na kizito. Kwanza usishone. Lizungushe gurudumu kwa mkono wako polepole, uelekeo wa kwako, na usikilize. Likiwa gumu, usikimbilie kusema kuwa mashine imekufa. Mara nyingi ni mafuta ya zamani yaliyoganda, na matone machache ya mafuta mapya yakiachwa usiku kucha yataifungua. Lakini likikwaruza, au likipita mahali pamoja kwa mshtuko kila mzunguko, hapo pana chuma kilicholika. Shika fito la sindano ulitikise kidogo. Likicheza sana kwenda huku na huku, mshono hautanyoka kamwe. Pitisha kidole juu ya meno yasukumayo kitambaa: yawe makali kama msasa, si laini kama kijiko. Inamisha mashine uangalie chini yake, ukitafuta ufa katika mwili. Mwili huo ni chuma cha kusubu, na ufa wake hauungiki kwa urahisi; penye ufa, aga uondoke.

Kisha shona. Weka uzi wa rangi moja juu na wa rangi ya pili katika bobini, ili upande usio sawa ujulikane mara moja. Mshono ukiruka, badilisha sindano kabla hujasema neno. Sindano iliyopinda ni ugonjwa wa kawaida kuliko yote, na dawa yake ni shilingi chache. Uzi ukifanya vitanzi upande wa chini, pengine umepitishwa vibaya juu, au skrubu ya kukazia uzi imelegea. Mambo haya si kasoro za mashine.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa kuwa uovu mwingi wa mnunuzi umejificha humo humo. Anajua kuwa gurudumu gumu ni mafuta tu, anatikisa kichwa na kusema, "Mama, hii imekufa." Anajua kuwa ni sindano, anasema, "Injini imekwisha," ingawa cherehani ya kukanyaga haina injini. Kila neno humpunguzia yule mama shilingi mia tano. Wenzake humwita mjanja. Kama mtu angeingia chumba kile usiku akazichukua shilingi hizo mtungini, tungemwita kwa jina lingine.

Sasa bei. Tafuta cherehani ya namna ile ile, iliyo nzima, iliyotumika, inauzwa kwa kiasi gani. Na ninaposema inauzwa, nina maana ya fedha iliyolipwa, si fedha iliyotajwa. Kila mtu hutaja. Waulize mafundi watatu, tena wasiojuana, "Uliyonunua mwisho ulilipa ngapi?" Tuseme majibu yao yanakaribia shilingi 12,000, tarakimu hizi ni za mfano tu, za kwako utazitafuta mwenyewe. Umeona mkanda umekatika, 300. Kikasha cha bobini kimelika, 500. Kazi ya fundi kuisafisha na kuirekebisha, 1,200. Kwa kuwa muuzaji hakupi dhamana yoyote, ni haki upunguze kiasi kidogo kwa yale usiyoweza kuyaona, tuseme 1,000. Jumla ni 3,000, na bei ya haki ni kama 9,000. Nauli ya kuipeleka kwako usiiingize. Muuzaji hakukutuma ukae mbali.

Angalia kile kisichomo katika hesabu hiyo. Hamna bei aliyoinunulia mwenyewe zamani, ambayo wauzaji wengi huishikilia kana kwamba miaka haikupita. Hamna mapenzi yake kwa mama yake aliyeitumia. Mapenzi hayo ni ya kweli, lakini hayashoni. Hamna pia haraka yake. Na hili la haraka ndilo kubwa, kwa kuwa ndilo ambalo watu wema hulikosea.

Karibu na shule mojawapo niliyopata kufundisha aliishi mjane aliyeuza cherehani ya kukanyaga mwezi wa kwanza, siku mbili kabla ya shule kufunguliwa. Haikuwa na kasoro. Mnunuzi alikuja asubuhi, akaijaribu, akaisifu moyoni, akaketi akinywa chai aliyoandaliwa. Hakutaja bei. Alirudi jioni, na kesho yake jioni tena, mpaka hapakuwa na siku iliyosalia, kisha akatoa theluthi ya thamani yake. Mjane alikubali. Nilimsikia mnunuzi yule akisimulia mkahawani, na waliokuwapo walicheka na kumpa mkono. Hakusema uongo hata mmoja. Hakumtisha mtu. Alingoja tu, kama fisi amngojavyo mbuzi aliyevunjika mguu. Basi wewe uniambie: yalikuwa mapatano, au hayakuwa?

Najua utakalonijibu, na ni jibu zuri kuliko yote. Utasema, "Mwalimu, mimi pia ni maskini. Fedha yangu niliikusanya kwa kuuza mayai. Nikimwonea huruma muuzaji, nani atanionea mimi?" Sikutaki uone huruma. Huruma ni jambo lingine, nalo hutolewa baada ya bei. Kama una 7,000 tu, mwambie, "Mama, mashine yako yafikia 9,000, nami nina 7,000; je, utanikubalia nimalizie mwezi wa tatu?" Umaskini wako wakupa ruhusa ya kuomba. Haukupi ruhusa ya kusema kuwa mashine imekufa. Huenda akakukubalia, huenda akakataa. Kila mmoja wenu atakuwa amejua anachokitoa na anachokipokea, na hilo ndilo pekee ninalolidai.

Iko bei nyingine ya chini ambayo haina mjane ndani yake. Mtu usiyemjua anakuuzia cherehani nzima kwa shilingi 2,000, jioni, kando ya njia, naye hajui hata bobini inatolewa wapi. Mwambie akuonyeshe jinsi ya kupitisha uzi. Mwenye cherehani hupitisha uzi akiwa amefumba macho. Mwizi hutafuta tundu. Kitu cha wizi hakigeuki kuwa chako kwa kukilipia, na mwenyewe akikitambua atakichukua. Na kwa mtu apokeaye mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kuwa ni ya wizi, Kanuni ya Adhabu ya Kenya imeweka kifungo kifikiacho miaka 14. Bei ya 2,000 yenyewe itasimama mbele ya hakimu kuwa shahidi dhidi yako.

Mara nyingine utafanya yote haya na msipatane. Wewe una 9,000 katika hesabu yako, naye ana 15,000 katika kumbukumbu yake. Usimkasirikie. Mwonyeshe hesabu kwa kalamu, kisha ondoka. Lakini kabla hujaondoka rudisha mkanda katika gurudumu, mwachie sindano uliyoiweka, funika cherehani kama ulivyoikuta, na umtajie kasoro zote ulizoziona na gharama ya kila moja, ili mnunuzi atakayekuja kesho asije akamwambia kuwa ziko zaidi.