Saini za Wakubwa Hazimlindi Mfanyakazi

Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilipotiliana saini mkataba wa uhamiaji na ajira mjini Berlin, mitaani watu walipumua. "Hii ni serikali kwa serikali," walisema, "hapa hakuna wakala wa kukutapeli." Imani hiyo imeenea kote kwetu, na ni ya hatari. Anayeishikilia akaulize Maputo.

Februari 1979, Erich Honecker wa Ujerumani Mashariki alipokewa Msumbiji na Samora Machel kama ndugu wa mapambano. Zikatiwa saini za kupeleka vijana wa Msumbiji kwenye viwanda vya Ujerumani. Hakukuwa na dalali wala kampuni ya mfukoni. Katika miaka kumi hivi walikwenda zaidi ya 15,000. Wengi waliahidiwa ufundi, wakaishia kwenye kazi za suluba. Walilala kwenye mabweni yenye masharti, na kwa miaka mingi mwanamke aliyeshika mimba alikuwa na njia mbili: aitoe, au arudishwe kwao.

Tazama hati ya mshahara ya mmoja wao. Makato yalianza na robo, baadaye yakafika asilimia 60 ya sehemu kubwa ya malipo. Ni akiba yako, aliambiwa, utaikuta nyumbani. Kumbe fedha ile ilikuwa ikifuta deni la Msumbiji kwa Ujerumani Mashariki. Dawa ya deni ni kulipa, sawa, lakini deni la taifa zima lilibebeshwa kijana wa miaka 20 aliyesimama kwenye mashine usiku kucha, na hakuna aliyemwambia.

Mwaka 1989 ukuta wa Berlin ukaanguka, na mwaka uliofuata mmoja wa watia saini akatoweka kwenye ramani. Vijana wakarudishwa kwa maelfu, wakaikuta nchi yao bado vitani. Walipodai akiba yao, Maputo iliwalipa sehemu tu, na kwa kuchelewa sana. Berlin inasema fedha zilishakabidhiwa Msumbiji, kwa hiyo haidaiwi.

Wakala akinidhulumu, nitakwenda serikalini. Serikali mbili zikinidhulumu kwa pamoja, nikamshtaki nani, na mbele ya hakimu yupi? Wanaosifu mikataba hii hawalijibu swali hilo. Urafiki wa mataifa hauna akaunti ya benki ya mfanyakazi, na marais wanapokumbatiana mbele ya kamera, yeye hayumo chumbani.

Sisemi vijana wasiende. Waende, wanayo haki ya kutafuta riziki popote. Lakini kabla ya kupanga foleni ya pasipoti, watake kuona mkataba wenyewe, si hotuba ya uwanja wa ndege. Mshahara unaingia mkononi mwa nani? Nani anaruhusiwa kuukata? Mwajiri akinifukuza, nina siku ngapi za kutafuta mwingine? Wabunge wetu wangeyauliza haya kwa sauti, badala ya kushangilia idadi ya nafasi ambazo Ujerumani yenyewe ilikana kuziahidi.

Maputo, vijana wale leo ni wazee. Wanaitwa Madjermane. Kwa miaka mingi wamekuwa wakikusanyika katika bustani moja katikati ya jiji na kuandamana siku za Jumatano, na juu ya vichwa vyao hupepea bendera yenye nyundo na bikari, bendera ya nchi iliyowakata mshahara na ambayo haipo tena.