Yai la Marekani na yai la Bongo: nani hasa anakula ghali?

Leo naomba tuongelee yai. Ndiyo, yai la kuku, hilo hilo unalovunjiwa kwenye chipsi pale kona ukishatoka kutafuta riziki. Najua kuna watakaosema nimekosa mada, lakini nipeni dakika chache tu, mtaona kuna siasa, kuna uchumi, na kuna afya za wadogo zetu humo ndani.

Mnakumbuka Machi 2025? Mtandaoni kila ukifungua unakutana na picha za rafu tupu za mayai Marekani. Takwimu za serikali yao zilionyesha dazeni moja imefika wastani wa dola 6.23, bei ya juu kuliko zote walizowahi kurekodi. Vijana wa Bongo wakatoa kalkuleta. Dola 6.23 ukiigeuza kwa shilingi 2,600 inakuja kama 16,200, yaani yai moja karibu shilingi 1,350. Huku mtaani kwangu yai la kisasa ni 400. Basi ikawa kelele: "Kumbe huku tunakula bata, majuu wanateseka na mayai!"

Mimi nasema hesabu hiyo haijakamilika. Kugeuza dola kuwa shilingi kunakwambia kitu kimoja tu, kwamba ukipanda ndege na shilingi zako ukaenda kununua yai Marekani utalia. Lakini anayelinunua kule halipii kwa shilingi za Bongo. Analipia kwa mshahara wa kule. Kwa hiyo swali la maana ni hili: mtu inabidi afanye kazi dakika ngapi ili apate yai moja?

Haya, tupige hesabu pamoja. Kalamu mkononi.

- Marekani, Machi 2025, bei ikiwa kwenye kilele: kima cha chini cha shirikisho ni dola 7.25 kwa saa (hakijapanda tangu 2009, na majimbo mengi yanalipa zaidi ya hapo). Yai moja ni dakika 4 na kidogo.
- Geneva, Uswisi, 2025: kima cha chini faranga 24.48 kwa saa. Hata akiuziwa yai moja kwa faranga nzima, ni dakika mbili na nusu.
- Mfanyakazi wa chini kabisa serikalini Tanzania, kwa kima cha shilingi 500,000 kilichoanza Julai 2025: kwa saa 45 za wiki, yai la 400 ni dakika 9 na ushee.
- Kijana wa kibarua anayelipwa 10,000 kwa siku ya saa kumi: dakika 24.
- Mfanyakazi wa shambani Tanzania kwa kima cha chini cha kilimo cha shilingi 140,000 kwa mwezi, kilichoanza Januari 2023: dakika 33.

Umeona hapo? Yule Mmarekani wa kipato cha chini, siku yai lilipokuwa ghali kuliko siku zote, alilipata kwa dakika 4. Mtanzania wa shambani, siku ya kawaida isiyo na ugonjwa wala vita, nusu saa na zaidi. Najua mishahara ya sekta binafsi ilipandishwa kuanzia Januari 2026, wastani wa asilimia 33.4. Hata ukimpandishia huyo wa shambani kwa asilimia hizo hizo, bado ni kama dakika 25. Sasa nani anakula ghali?

Mtu ataniambia, "Basi kaka, kwa nini Wamarekani walipiga kelele vile?" Walipiga kelele kwa sababu bei ilipanda ghafla. Agosti 2023 dazeni ilikuwa dola 2 na senti chache, halafu mwaka mmoja na nusu baadaye imepita 6. Chanzo kikubwa kilikuwa mafua makali ya ndege, virusi vya H5N1, vilivyoingia kwenye mabanda yao Februari 2022. Kule sheria ni kwamba kuku wakipimwa wakakutwa na ugonjwa, kundi zima linauawa. Na mashamba yao si ya kuku 500 kama ya mjomba. Kuna mabanda yenye kuku zaidi ya milioni moja sehemu moja. Virusi vikigonga hodi hapo, mayai ya mji mzima yamekwenda. Kufikia Februari 2025 ndege zaidi ya milioni 160 walikuwa wameathirika tangu mlipuko uanze, na wengi walikuwa kuku wa mayai.

Ila kuna upande wa pili ambao haukusambazwa sana. Kampuni kubwa kuliko zote ya mayai kule, Cal-Maine, katika miezi mitatu iliyoishia 1 Machi 2025 ilipata faida ya dola milioni 508.5. Miezi kama hiyo mwaka uliotangulia ilikuwa milioni 146.7. Wizara yao ya Sheria ikafungua uchunguzi kuhusu upangaji wa bei kwa wazalishaji wakubwa. Kufunguliwa uchunguzi si kupatikana na hatia, tuwe wa haki. Lakini inatufundisha kwamba uzalishaji ukiwa mikononi mwa wachache, balaa la mlaji linaweza kuwa sikukuu ya muuzaji.

Baadaye mabanda yakajazwa kuku wapya, bei ikashuka. Kufikia mwishoni mwa 2025 dazeni ilikuwa chini ya dola 3. Yaani ile dhoruba yote ilipita ndani ya mwaka, wakarudi kwenye dakika 2 kwa yai. Sisi za kwetu hazipiti, ndiyo maana hazigeuki habari.

Tupite haraka kwenye nchi nyingine, maana bei ya yai kila mahali ina kisa chake.

Uswisi mayai ni ghali kwa sababu wameamua yawe ghali. Waliachana na kufuga kuku kwenye vizimba vidogo tangu 1992, na shamba moja haliruhusiwi kuzidi kuku 18,000 wa mayai. Mlaji analipia uamuzi huo, na kwa mshahara wake anaumudu.

Japani kwa miongo mingi walikuwa wanaliita yai mwanafunzi bora wa bei, maana vitu vyote vinapanda lenyewe limetulia. Mwaka 2023, baada ya kuua kuku zaidi ya milioni 17 kwa mafua ya ndege, mwanafunzi naye akafeli na bei ikapaa.

Afrika Kusini walionja balaa hilo hilo mwaka 2023. Maduka yakaanza kumpangia mteja idadi ya mayai ya kununua.

Na Zimbabwe, Julai 2008, mayai matatu yalifika dola bilioni 100 za kwao. Pale kuku hakuwa na kosa lolote. Kilichokufa ni pesa.

Sasa turudi nyumbani. Dakika zetu ni nyingi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mshahara, hiyo kila mtu anaijua na haihitaji mtaalamu. Ya pili ni chakula cha kuku, na hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Kuku wa mayai anakula kama gramu 115 kwa siku. Chukulia mfugaji ananunua chakula kwa shilingi 1,300 kwa kilo. Kila siku kuku mmoja anamla kama shilingi 150. Kuku mzuri hatagi kila siku, tuseme siku 8 kati ya 10. Ina maana chakula peke yake ni shilingi 187 kwa kila yai. Mfugaji huyo akimuuzia mchuuzi trei kwa 8,000, yai limetoka kwake kwa 267. Amebakiwa na 80. Kwenye hiyo 80 atoe gharama ya kulea vifaranga miezi minne na nusu bila yai hata moja, chanjo ya kideri, maji, umeme, mtu wa kusafisha banda, na wale wanaokufa. Halafu tunamwita mfugaji mwizi!

Chakula hicho kimetengenezwa na nini? Mahindi, pumba, soya, mashudu ya alizeti, dagaa. Yaani kuku wetu anagombea sahani moja na sisi. Mahindi yakipanda, ugali unapanda na yai linapanda siku hiyo hiyo. Mmarekani hana shida hiyo kwa kiwango chetu, kwao ndiko yanakolimwa mahindi mengi kuliko nchi yoyote duniani, na soya ya kumwaga. Yai la bei rahisi linaanzia shambani kwenye mahindi na soya, kuku anakuja mwishoni.

Sasa badala ya kukazana na hilo, majirani wa Afrika Mashariki tumekazana na mipaka. Tanzania ilizuia kuku na mazao yake kutoka nje tangu 2006 kwa kuhofia mafua ya ndege. Oktoba 2017 vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya vilikamatwa Namanga vikachomwa moto. Wakenya wakalalamika sana. Lakini mwishoni mwa 2021 Kenya hao hao wakaweka tozo ya shilingi 72 za Kenya kwa kila trei ya mayai ya Uganda, maana mayai ya Waganda yalikuwa rahisi na wafugaji wa Kenya walikuwa wanalia. Kila mmoja ni mwana jumuiya mpaka yai la jirani liwe rahisi kuliko lake.

Sisemi mipaka ifunguliwe kiholela. Ugonjwa upo kweli, na Marekani imetuonyesha unachoweza kufanya. Mfugaji mdogo naye ana haki ya kulindwa. Ninachouliza ni hiki: ukimlinda mfugaji kwa kufunga mpaka bila kumshushia bei ya chakula, anayelipa ni nani? Ni yule wa dakika 33. Chukulia tu chakula kimeshuka kwa moja ya tano, labda kwa kulima soya ya kutosha na kuondoa vikwazo njiani. Kwa hesabu yetu ya juu, kila trei inapungua zaidi ya shilingi 1,100, na mfugaji hapotezi hata senti. Hakuna tozo ya mpakani inayoweza kufanya hivyo.

Na kwa nini nawasumbua na yai badala ya nyama au soda? Kwa sababu utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha watoto 30 kati ya 100 wenye umri chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa. Yai ni protini nzuri, halihitaji friji kwa siku kadhaa, na mama anaweza kununua moja moja. Kule Ecuador watafiti waliwapa watoto wachanga yai moja kila siku kwa miezi sita, na matokeo yaliyotoka 2017 yakaonyesha udumavu umepungua karibu nusu. Jaribio kama hilo Malawi halikuona tofauti hiyo, kwa hiyo yai si muujiza na tusidanganyane. Lakini mama wa kibarua cha shamba mwenye watoto watatu, akitaka kila mmoja ale yai moja kwa siku, ni zaidi ya saa moja na nusu ya jasho lake kwa mayai tu. Hajanunua unga, mafuta wala mkaa. Utamwambia nini kuhusu lishe bora huyo?

Kwa hiyo wadau, siku nyingine ukiona mtu ameweka orodha ya bei za mayai duniani kwa dola halafu anajipongeza kwamba Bongo ni bei poa, muulize swali moja tu: dakika ngapi?

Na wewe uliyeko Mombasa, Kampala, Bukavu, Muscat, au uliyeko majuu unabeba boksi, tupe data hapo chini. Yai moja bei gani, na saa moja ya kazi unalipwa ngapi? Gawanya mwenyewe utuwekee dakika zako. Jina la mwajiri usiliweke, tusije tukakuharibia kibarua.