WARANTI SIYO HISANI: Wiki 11 za baiskeli yangu ya umeme

SEHEMU YA 1

Leo siongelei homa ya mtoto wala maziwa kukauka. Naongelea kitu ambacho wengi wenu mmekuwa mkiniuliza inbox tangu mwezi wa kwanza mliponiona nakatiza Tanga mjini kwenye baiskeli isiyopigwa pedeli: "Nesi, ile baiskeli ya umeme vipi, tununue?"

Nilikaa kimya muda mrefu kwa sababu nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira hashauri vizuri. Sasa imepungua, twende taratibu.

Nianze na ukweli ambao hautawafurahisha wanaosubiri niiponde: baiskeli yenyewe ni nzuri. Mimi nakaa upande wa Kange, kazini ni kama kilomita 7. Kabla ya hapo zamu ya usiku ilikuwa inanila nauli ya boda kwenda na kurudi, na boda wa saa 1 usiku anajua huna ujanja. Betri yangu ni volti 48, ampea-saa 15. Zidisha mwenyewe: ni wati-saa 720, yaani hata uniti moja ya LUKU haifiki kuijaza. Hiyo ni chini ya shilingi 400, na nilikuwa naenda na kurudi siku mbili. Tanga yetu ni tambarare, sisi hapa ni watu wa baiskeli tangu enzi za bibi zetu. Hakuna mtu alinishangaa mwanamke kupanda.

Nilinunua kwa shilingi 2,400,000. Kati ya hizo, 1,500,000 ni mkopo wa kikoba. Shikeni hiyo namba ya kikoba, tutairudia.

SEHEMU YA 2

Nilinunua tarehe 14 Januari kwenye duka moja Dar, kwa kuona tangazo kwenye simu. Tangazo lilikuwa na video ya kijana anakatiza dimbwi huku mvua inanyesha, na maandishi: waranti mwaka mzima, haina shida na mvua. Nilipiga picha skrini nikamtumia baba watoto. Hiyo picha ndiyo iliyoniokoa baadaye.

Tarehe 18 Aprili, masika imekolea, natoka nyumbani saa 1 usiku kwenda kazini. Kioo kinaonyesha betri imejaa. Kama kilomita 4 mbele, pap! Mota imezima. Na taa imezima pia, kwa sababu taa inakula betri hiyo hiyo. Niko barabara kuu, giza, lori liko nyuma yangu. Nilijitupa pembeni na baiskeli yote. Goti lilichubuka, mkono ukatetemeka mpaka nafika kazini.

Nilichelewa dakika 50. Mwenzangu niliyekuwa nampokea wodi alikuwa amesimama tangu asubuhi na ana mtoto wa miezi minne nyumbani. Nilimkuta gauni la kazi limelowa maziwa kifuani. Hakunisema. Mama anayenyonyesha anaelewa ile saa moja ya ziada ni nini.

Nawaeleza hivi ili ieleweke kuwa chombo cha usafiri kikizima siyo kama redio imezima. Kuna mtu mahali anakusubiri.

SEHEMU YA 3

Kesho yake nikaandika kwa duka. Wale watu waliokuwa wananijibu ndani ya dakika mbili wakati nataka kununua, sasa tiki mbili za bluu, kimya. Siku ya tano kijana akajibu: "Pole sana dada. Hiyo ni maji yameingia. Waranti haihusiki na maji."

Kwa picha mbili tu. Hajaigusa, hajaifungua, hajapima chochote.

Sasa hapa ndipo uuguzi wangu uliponipanda kichwani. Mgonjwa akija wodini anatapika, mimi siandiki "amekula sumu" kwa kumwangalia usoni. Napima, naandika saa, naandika nilichokiona, nasaini jina langu. Shuleni walitufundisha kwamba kisichoandikwa hakikufanyika. Ukikosea dawa ukasema "nilidhani", utajieleza mbele ya watu. Lakini kijana wa duka anaruhusiwa "kudhani" kuhusu milioni mbili na laki nne zangu, halafu ananipa pole.

Ile pole, mama zangu, ndiyo inayotumaliza. Anasema pole sana, pole mno, tunafuatilia, tupo pamoja. Pole ni ya msiba. Mimi sikufiwa, mimi nilinunua kitu na kitu hakifanyi kazi. Bei niliyolipa ilikuwa na ahadi ndani yake. Wenzake wanauza baiskeli kama ile kwa bei pungufu bila waranti. Mimi nilichagua ya kwake kwa sababu ya waranti. Kwa hiyo waranti niliinunua, kama nilivyonunua tairi na breki. Mtu anayeninyima waranti hajanikatalia msaada. Amechukua hela ya kitu akabaki nacho.

SEHEMU YA 4

Nilimwita fundi wa umeme hapa mtaani. Nikamwambia, usifungue chochote, pima tu kwa nje. Tukiifungua wale watu watapata sababu. Akapima betri ikiwa imetulia: volti ziko sawa. Tukainua gurudumu la nyuma, akawasha mota na kushika breki kidogo ili ifanye kazi kwa nguvu: volti zikaporomoka ghafla, ikajizima. Akaniambia, "Mama, humu ndani kuna seli zimechoka mapema. Betri ya lithiamu ni seli nyingi zimeunganishwa, kundi moja likilegea, kile kisahani cha ulinzi kinakata betri nzima."

Nikaandika yote hayo. Tarehe, saa, namba alizosoma, na video. Nikawatumia duka pamoja na maswali matatu: Mmejuaje ni maji? Nani kapima? Naomba majibu kwa maandishi.

Jibu: "Ilete Dar."

Kutoka Tanga mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 300. Basi walitaka shilingi 25,000 kuipakia. Nani analipa? Mimi. Nilipouliza kama kuna fundi wao Tanga, wakasema hawana. Tangazo lilisema wanauza "mikoa yote". Sawa, kuuza wanauza mikoa yote, ila kutengeneza ni Dar tu. Hilo hawakuandika kwenye video ya dimbwi.

Na kingine. Nilipoisoma ile karatasi ya waranti vizuri (kosa langu, nilipaswa kuisoma kabla), ule "mwaka mzima" ni wa fremu na mota. Betri ni miezi 6. Fremu ya chuma nani amewahi kuona imekufa ndani ya mwaka? Kinachokufa ni betri, na betri ndiyo ghali, na betri ndiyo imepewa nusu.

SEHEMU YA 5

Kuna mtu atasema, "Nesi, na wateja nao ni waongo." Kweli kabisa, sikatai. Nimeona mtu anaosha baiskeli ya umeme kwa mpira wa maji wa presha. Nimeona mtu anachomeka chaja ya betri ya asidi kwenye betri ya lithiamu kwa sababu kichwa kinaingia. Wengine wanaifungua betri sebuleni wenyewe halafu wanaapa hawajaigusa. Muuzaji ana haki ya kukataa madai ya namna hiyo.

Lakini akatae kwa ushahidi. Maji yakiingia yanaacha alama: kutu, ukungu wa kijani kwenye viunganishi. Piga picha unionyeshe, nitanyamaza. Na kama chombo hakiwezi mvua, usikitangaze kwenye mvua. Vifaa hivi huwa na alama ya kustahimili maji. Ukiona IPX4 maana yake kinavumilia kurushiwa maji, siyo kuzamishwa. IPX7 ndiyo inavumilia kuzama kwenye maji ya mita 1 kwa dakika 30. Yangu ilikuwa IPX4. Yule kijana kwenye video alikuwa anakatiza dimbwi lililofika katikati ya magurudumu. Nani alimdanganya nani hapo?

SEHEMU YA 6

Wiki zikaenda. Baiskeli ipo Dar kwenye stoo yao, mimi narudi kwenye boda. Nauli nalipa, na marejesho ya kikoba nalipa. Kikoba hakijui waranti, mama zangu. Ijumaa ikifika kisanduku kinafunguliwa na jina lako linaitwa. Wiki 11 nilipeleka marejesho ya kitu nisichokuwa nacho. Wiki ya nane ilibidi niguse hela ya ada ya mtoto wa kwanza. Wakati huo duka lilikuwa linapandisha status za wateja wapya wanatabasamu.

Mwisho niliandika barua. Barua kweli, siyo ujumbe wa simu. Nikaweka tarehe zote, picha ya tangazo, video ya fundi, nakala ya risiti ya EFD. Nikaandika kwamba Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na kwamba wasiponijibu ndani ya siku 7 napeleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC. Bila tusi hata moja.

Siku ya tatu simu ikalia. Siyo yule kijana, ni meneja mwenyewe. "Mama, tumeifungua betri, ni kavu. Kuna seli zina shida. Tunakubadilishia."

Ni kavu. Wiki 11 za "maji yameingia", kumbe ni kavu. Na siku zote hizo hawakuwa wameifungua.

Nilipokea baiskeli tarehe 4 Julai. Waranti ya betri inaisha 14 Julai. Meneja akaniambia kwa furaha kabisa, "Una siku 10 bado." Yaani siku zote ilizokaa kwao zimehesabiwa kama nilikuwa naendesha! Nikagoma kusaini kupokea mpaka akaniandikia kwa mkono, na mhuri, kwamba betri mpya inaanza miezi 6 upya. Akaandika. Nauli ya basi hajarudisha mpaka leo, na bado nadai.

SEHEMU YA 7, YA MWISHO

Watu wananiambia, "Hongera, umeshinda." Mimi sioni ushindi. Mimi nimesoma mpaka diploma, najua kuandika ripoti, nina simu yenye kamera na mume anayenisukuma nisikate tamaa. Imenichukua wiki 11. Je, yule mama muuza vitumbua aliyenunua ya kubebea ndoo? Yule dada anayepeleka mtoto kliniki na mwingine mgongoni? Wao wanaambiwa "maji yameingia", wanasema asante, wanaondoka na mkopo. Na duka linajua hivyo. Kila anayeondoka kimya anawafundisha kwamba kimya kinalipa.

Ndiyo maana sisemi msinunue. Nunueni, lakini nunueni waranti kwanza, chombo baadaye. Kabla hujatoa hela:

1. Omba karatasi ya waranti uisome. Betri miezi mingapi? Chaja? Mota? Usikubali "mwaka mzima" wa mdomoni.

2. Uliza nani analipa usafiri kwenda kutengenezwa, na itachukua siku ngapi. Iandikwe.

3. Uliza kama siku za matengenezo zinaongezwa kwenye waranti. Akisema ndiyo, aandike.

4. Mwambie akuonyeshe betri moja ya akiba stoo. Kama hana ya kukuonyesha leo, hatakuwa nayo siku yako ikifa.

5. Risiti ya EFD, na namba ya betri iandikwe kwenye karatasi ya waranti. Piga picha tangazo lililokuvutia, kabla hawajalifuta.

6. Hii ndiyo kubwa. Usipige namba ya mauzo. Piga namba ya matengenezo, siku ya Jumatano saa 4 asubuhi, jifanye mteja mwenye shida. Wakipokea na kukuelekeza, nunua. Ikiita mpaka ikate, umeshaona maisha yako ya mbele.

Na kwa vile mimi ni nesi, moja la kazini kwangu: betri iliyoanguka, iliyovimba au inayonuka, usiichaji kabisa, wala usiiweke ndani wanapolala watoto, hata kama duka limesema "endelea tu kutumia". Hata betri nzima, isiwe karibu na mlango mnaotokea, na usiichaji mkiwa mmelala. Moto wa betri ya lithiamu unakwenda haraka kuliko unavyoweza kuamka. Goti langu limepona, lakini mtoto aliyeungua siyo habari ya kubishana na meneja.

Wenye maduka mnaonisoma, najua mpo, mlinunua space kwenye kurasa za akina mama. Tunawapenda mkitujibu. Weka fundi mkoani, pima kabla ya kusema maji, andika, saini. Sisi wodini tunafanya hivyo kila zamu kwa mshahara wa nesi, nyinyi mnashindwa nini?

Mama uliyekwama na duka lolote, niandikie, nitakusaidia kupanga barua yako. Zamu yangu inaanza saa 2 usiku, kwa hiyo nikichelewa kujibu, jua niko wodini. Nilifika kwa baiskeli.

Nesi wenu, Tanga.